Fundi Aliyechukia Mvumo

Betri alizipima kwa ulimi. Mita alikuwa nayo, ilining'inia kwenye msumari juu ya meza yake, lakini mteja akileta redio isiyolia, Fundi alitoa betri zilizokaa miezi kwenye moshi wa jiko la mtu, akazipangusa pajani, akashika waya upande mmoja na kuweka ulimi upande wa pili. Alifumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Hii imekufa. Hii iko na maisha kidogo." Kisha alirudia andazi lake aliloliacha juu ya spika iliyochanika, akalimaliza kwa vidole vyeusi vyenye utomvu wa kuchomelea. Mimi nilikuwa nageuza uso.

Kwa karibu miaka minne tulipanga chumba kimoja cha kazi pale Biryogo, Kigali, mimi na yeye, kimegawanywa katikati na plaiwudi isiyofika darini. Upande wangu kulikuwa na cherehani, kioo kirefu na vitambaa vya watu. Upande wake kulikuwa na redio zilizopasuliwa matumbo, zimerundikwa mpaka dirishani. Tuliingia humo mwaka vita vilipoanza kaskazini. Mimi mjane, fundi wa nguo, mzaliwa wa mtaa uleule. Yeye sikuwahi kumuuliza katoka wapi. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekiokota barabarani, na hakuona haja ya kukisafisha.

Redio za Kigali zilikuwa na mende. Ndani ya redio kuna joto, na mende wanapenda joto. Fundi mwingine angetoka nazo uani. Yeye alizifungulia palepale mlangoni, akazigonga ubavuni kwa kiganja, na wale wadudu wakamwagika sakafuni, wakubwa kwa wadogo, wakakimbilia penye giza. Penye giza palikuwa chini ya meza yangu. Siku moja nilikuwa nakata gauni la bibi harusi, nikaona mdudu wa rangi ya chai anapanda taratibu kwenye kitambaa cheupe, pembe zake zinapapasa. Nilipiga kelele. Fundi alichungulia juu ya plaiwudi akicheka.

"Mama Hawa, huyo iko mgeni wako. Ametoka kwa ledio ya padri. Amebarikiwa."

Kulikuwa na kucha pia. Kucha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto aliifuga mpaka ikapinda. Kwa kucha hiyo alikwangua nyaya za shaba, akachokonoa sikio, akatoa nyama kwenye meno, na katikati ya kazi hizo sikuwahi kumwona akiigusisha maji. Nikimletea chai niliiweka mbali kidogo ili asinipokee mkononi. Alilijua hilo. Hakulichukia. Nadhani lilimfurahisha.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuhama. Mlango wetu ulitazama barabara, na mlango wa aina hiyo haupatikani kirahisi. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilipenda kumsikiliza akifanya kazi. Hilo nalo linanikera hadi leo.

Sikio lake lilikuwa la ajabu. Alikuwa ameinama mezani, redio ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara inalia, naye bila kuinua kichwa akasema, "Spika ya yule imechanika upande wa chini." Kesho yake kinyozi aliileta, na kweli ilikuwa imechanika upande wa chini. Alisikia waya uliolegea kwenye nyumba ya watu wengine. Na kitu alichokichukia kuliko vyote ni mvumo, ule uuu wa chini unaosikika kwenye chombo kabla mtu hajasema neno. Watu wengi hatuusikii, au tukiusikia tunauzoea. Yeye ulimtesa. Mteja alishaifurahia redio yake, ameishika kwapani, tayari kuondoka, Fundi akamnyang'anya.

"Bado inavuma."

"Fundi, mimi nasikia vizuri tu."

"Wewe unasikia maneno. Mimi nasikia chini ya maneno."

Alisema hivyo kwa kila mtu. Alimwambia hata imamu.

Kulikuwa na mzee kipofu nyuma ya msikiti ambaye maisha yake yote yalikuwa redio. Uzi wa kusogeza stesheni ulikuwa unateleza, na kila ukiteleza mzee alipotea, hajui yuko wapi hewani. Kila Ijumaa Fundi alikwenda mwenyewe kwa huyo mzee. Alikaa naye mkekani, akamshika mkono, akauweka kwenye kitufe, akamfundisha kuhesabu mizunguko: miwili na nusu, hapo iko habari, mitano, hapo iko muziki wa Kongo. Nilimwona kwa macho yangu, nilikwenda kupima kanzu ya mzee. Alikuwa mpole kama nesi. Na mtu huyohuyo, mama yake mzazi alipokuja kutoka Gitarama kumtazama, alimwacha amesimama juani mlangoni na kikapu kichwani mpaka amalize kufunga skrubu zote. Ni mimi niliyempa yule mama kiti na maji.

Tena alikuwa mwizi. Si mwizi wa kuvunja nyumba. Redio ikiingia na spika nzuri ilitoka na spika iliyochoka, na ile nzuri ilikwenda kwa mteja mwingine ambaye Fundi amempenda au amemwogopa. Mteja wa kwanza hakujua. Aliona inalia, akashukuru. Nilipomuuliza alinijibu bila haya: "Ledio zote iko ndugu, Mama Hawa. Mimi nachukua damu kwa huyu nampa huyu." Mwanzoni nilicheka. Nasema hivi kwa sababu sitaki mtu adhani nilikuwa bora kuliko yeye tangu siku ya kwanza. Nilicheka, tena mara nyingi.

Vyama vingi viliporuhusiwa, mji ulijaa kelele. Kila Jumapili mikutano, bendera, pikapu zenye vipaza sauti vya bati vilivyofungwa juu kwa kamba. Kazi ilikuwa nyingi kwetu sote. Vijana wa chama kimoja walikuja na majora ya kitambaa chenye rangi zao, wakataka kofia na mashati. Nilishona. Niliwashonea wao kama nilivyowashonea wanakwaya na wanafunzi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Katika siku hizo alikuja Mwalimu wa kwaya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwembamba, koti lake lina viraka viwili viwikoni nilivyovitia mimi. Alikuwa Mtutsi, na katika mji ule wakati ule kila mtu alijua nani ni nani, kwa sababu iliandikwa kwenye kitambulisho. Alikuja anasukuma toroli, na ndani ya toroli, imefunikwa blanketi kama mgonjwa, kulikuwa na amplifaya ya zamani. Mapadri wazungu waliiacha parokiani miaka mingi iliyopita. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, bati la kijivu, na juu yake zimepangwa taa za kioo, zile ambazo Fundi kwa Kifaransa chake kidogo aliziita lampu.

"Inavuma," Mwalimu alisema. "Halafu baada ya robo saa sauti inakuwa chafu, kama mtu anaimba na chakula mdomoni. Na kuna harufu ya kuungua. Pasaka inakaribia, Bwana Fundi."

Fundi alikuwa ameshainama anainusa.

Kazi ile ilichukua siku tatu, na nitasema ukweli: sijaona mtu akifanya kazi vizuri vile, wala kabla wala baada. Hakuiwasha. Kwanza aliifungua, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akaitazama tumboni kwa muda mrefu huku amefunga mikono nyuma. Kisha akachukua balbu ya kawaida ya nyumbani, akaiunganisha kwenye waya wa umeme unaoingia, ili umeme wote upite kwenye balbu kwanza. "Kama ndani kuna kitu kimekufa kabisa, balbu itawaka sana na mashine haitaungua," alinieleza, maana nilikuwa nimesimama natazama. Balbu iliwaka, ikafifia, ikabaki nyekundu kidogo. Alitikisa kichwa, ameridhika.

Alipoanza kupima ndani, mkono wa kushoto aliutia mfukoni. Niliuliza kwa nini.

"Hapa ndani kuna volti za kuua mtu. Mkono mmoja ukigusa, unapata maumivu. Mikono miwili, umeme unapita kwa moyo."

Aliiacha iwake. Baada ya dakika kama kumi, taa moja kati ya zile kubwa mbili ilianza kubadilika. Bati dogo lililo ndani ya kioo liliwiva, likawa jekundu kama kaa. Alizima haraka. Mtu yeyote angesema taa hiyo imeharibika. Yeye aliisubiri ipoe, akaihamishia mahali pa mwenzake, na mwenzake mahali pake, akawasha tena. Tulisubiri. Taa iliyowiva sasa ilikuwa ile nyingine, palepale pa mwanzo.

"Umeona?" Alinong'ona. "Lampu haina kosa. Kosa iko nyuma, mahali inapokaa."

Alifuata waya mmoja baada ya mwingine kwa kijiti cha mianzi, anagonga, anasikiliza, mpaka akafika kwenye kondensa ndogo ya kahawia isiyozidi kifundo cha kidole. Kazi yake ilikuwa kuzuia umeme mkubwa na kupitisha sauti peke yake. Ilikuwa imezeeka na kuvuja, umeme ukapita usipotakiwa, na ile taa ikalazimika kunywa mpaka ikawaka moto. Aliing'oa, akaweka nyingine. Siku ya pili alibadilisha kondensa kubwa zilizokauka, na mvumo ukapungua. Kwangu mimi ulikuwa umekwisha. Kwake bado. Siku ya tatu nzima aliitumia kwa mvumo nisiousikia: akakwangua kutu mahali nyaya zinaposhika bati, akasokota nyaya mbili pamoja kama nywele za mtoto wa shule, akasogeza waya mmoja upana wa kidole. Hakula. Hakujichokonoa sikio. Mchana ule alikuwa mtu safi.

Kisha akainua maikrofoni, akaipitisha juu ya plaiwudi upande wangu. Nilikuwa nakata kitambaa. Kutoka kwenye spika yake nikausikia mkasi wangu. Niliusikia ukifunguka, meno yake yakikutana, nyuzi zikikatika moja moja, na kati ya mkato na mkato palikuwa kimya kabisa, kimya ambacho sijawahi kukisikia Biryogo. Niliweka mkasi chini. Nilikaribia kulia.

"Sasa haivumi," alisema.

Ilikuwa Alhamisi. Mwalimu alitakiwa kuja Jumamosi. Ijumaa alasiri wakaja wale vijana wa chama, watatu, na amplifaya yao imefungwa kwenye gunia. Nayo ilikuwa ya taa, ya zamani vilevile. Mpumbavu mmoja kati yao aliiwasha kwa nguvu zote akasahau kuunganisha spika, na mashine za namna ile zikiwashwa bila spika zinajiunguza zenyewe. Transfoma ya kutolea sauti ilikuwa imeungua. Fundi aliifungua, moshi wa harufu ya nywele zilizoungua ukajaa chumbani.

"Jumapili tuna mkutano mkubwa," mkubwa wao alisema. Alikuwa amevaa kofia niliyoishona mimi. "Utatengeneza?"

"Transfoma kama hii haiko Kigali."

"Sikukuuliza iko wapi."

Walipotoka, yule mkubwa aliingiza kichwa upande wangu. "Na kofia zetu, mama?"

"Kesho," nilimwambia. "Zimebaki chache tu."

Nilirudi kwenye cherehani. Mbele yangu, pale ubao ulipopasuka, palikuwa na ufa upana wa vidole viwili. Nilimwona Fundi amesimama kati ya mashine mbili. Hakukaa muda mrefu. Alichukua bisibisi, akafungua amplifaya ya kwaya, ile aliyoishughulikia siku tatu kama mtu anayeosha mtoto mchanga, akakata nyaya za transfoma, akaitoa.

Nilisimama. Nilikwenda mpaka kwenye kona ya plaiwudi.

"Fundi. Hiyo ni ya Mwalimu."

"Najua."

"Na Pasaka?"

"Kwaya inaweza kuimba bila mashine." Hakuniangalia. "Wale hawaimbi."

"Utamwambia nini?"

"Mwalimu iko mtu mpole," alisema, kana kwamba hilo ndilo jibu. Na kwake lilikuwa jibu. Alikuwa amepima watu wawili, mpole na mkali, akaona ni yupi asiyeweza kumdhuru, akamkata huyo. Kinyaa nilichokipata siku hiyo hakikuwa cha mende wala cha kucha. Lakini nilirudi nikakaa, nikamalizia kofia.

Jumamosi Mwalimu alikuja na toroli lake. Fundi alimwonyesha pengo tupu ndani ya mashine, na transfoma iliyoungua ya wale vijana ameiweka mezani kama ushahidi.

"Pole sana, Mwalimu. Imeungua. Nilijaribu siku tatu, muulize Mama Hawa."

Mwalimu aliniangalia. Siku tatu zilikuwa kweli. Nilisema, "Siku tatu, Mwalimu. Alijitahidi sana."

Alishukuru. Alitushukuru wote wawili, akafunika mashine yake kwa blanketi, akazikunja pembe za blanketi vizuri, akashika mikono ya toroli. Mlangoni alisimama kumpisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Halafu akaenda zake.

Ningeweza kumfuata. Barabara ilikuwa na mteremko, toroli zito, alikuwa anakwenda polepole. Nilikuwa na nafasi mpaka kwenye kona.

Miezi ilipita na maneno ya mikutano yakazidi kuwa mabaya. Mwanzoni yalikuwa matusi ya chama kwa chama. Baadaye yakawa juu ya watu: nani ni nyoka, nani anaishi kati yetu akiwasubiri ndugu zake wa kaskazini. Pikapu ya wale vijana ilipita mbele yetu karibu kila wiki, na sauti yake, tofauti na za wengine zilizokwaruza, ilikuwa safi. Ulisikia kila silabi. Ulisikia mtu anavyovuta pumzi kabla ya kutukana.

Siku moja Mwalimu alikuwa kwangu, ameleta kanzu za wanakwaya zipunguzwe urefu. Amekaa kwenye kiti, kanzu zimejaa magotini. Pikapu ikapita polepole ikiyasema hayohayo, na watu wa barabarani wengine wakashangilia, wengine wakaingia ndani. Mimi nilikuwa nimeshika pini mdomoni. Sikuthubutu kumtazama. Ilipokwisha kupita, Mwalimu alivuta pumzi, akajaribu kusema jambo la kawaida, kama watu wanavyofanya wakiona wenyeji wao wameaibika.

"Angalau chombo chao ni kizuri," alisema. "Sijui nani aliwatengenezea."

Na kutoka upande wa pili wa plaiwudi, kwa furaha, bila kusita: "Ni mimi, Mwalimu!"

Mwalimu alikuwa mtu wa muziki, na nadhani wakati huo alielewa, si yote, ila kiasi cha kutosha. Uso wake haukubadilika. Alikunja kanzu moja, akaiweka juu ya nyingine.

"Umefanya kazi nzuri, Bwana Fundi," alisema.

Nilitema pini mkononi. Fundi aliendelea kupiga mluzi hadi jioni, kwa sababu amesifiwa na mtu anayejua sauti.

Aprili ilipofika mauaji yakaanza, na kila mmoja wetu alijifungia kwake. Kitambulisho changu hakikuwa na neno lililotafutwa, kwa hiyo niliweza kutoka kutafuta maji. Mwalimu na mkewe waliuawa kwenye kizuizi cha barabarani, mchana, si mbali na shule aliyofundisha. Jirani aliyeona alinisimulia, na sitarudia alichosema. Kesho yake nililazimika kupita hapohapo na ndoo zangu. Kijana mmoja wa kizuizini alikuwa amekaa kwenye jiwe anakula embe, juisi inamtiririka kiganjani. Kofia aliyovaa niliujua mshono wake. Nilijua hata kwamba upindo wa nyuma ulikuwa umepotoka kidogo, kwa sababu siku nilipoushona umeme ulikatika nikamalizia kwa mkono. Alinisalimia kwa heshima. "Mwiriwe, mama." Nilimwitikia. Nilipofika nyumbani nilitapika kwenye yale maji, nikalazimika kurudi kuteka mengine kwa njia ileile.

Fundi sikumwona tena majira yale. Chumba chetu kilivunjwa na kuporwa, redio zote zikabebwa, hata plaiwudi ikang'olewa.

Mwisho wa mwaka huohuo nilikuwa Kimironko, mtaa mwingine wa Kigali, kwenye kibaraza cha nyumba iliyokosa mwenyewe, na cherehani ya kuazima. Mji ulikuwa na watu wapya. Walirudi kutoka Bujumbura, kutoka Kampala, kutoka Bukoba, watu waliozaliwa ukimbizini huko na kuota juu ya Kigali bila kuijua. Walihitaji nguo, mapazia, sare za watoto. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Asubuhi moja nilikuwa na mteja kutoka Bujumbura, mama mnene mwenye sauti ya upole, ameleta kitambaa cha gauni la ubatizo la mjukuu wake, amekaa ananisubiri. Kivuli kikaniangukia, nikainua uso.

Alikuwa amekonda mpaka shingo imeingia kwenye mabega. Kucha ilikuwa imevunjika. Alishika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja isimdondoke.

"Mama Hawa," alisema. "Uko mzima! Nipunguzie suruali."

Mikono ilifanya kazi yake kabla akili haijafika. Nilichukua futi, nikamzungushia kiunoni. Alinuka kama zamani, utomvu na jasho. Aliongea bila kukoma, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani. Alipata meza karibu na barabara. Redio za Bujumbura hazina mende. Kisha, kwa sauti ileile, kama habari ya kazi, akasema:

"Wale vijana wa chama walinichukua, unajua. Mwezi wa nne. Waliniweka kwa pikapu siku nne niangalie mashine."

Mkono wangu ukasimama.

"Walikupiga?"

"Hapana. Walinipa bia." Alicheka kidogo. "Lakini jenereta yao ilikuwa mbovu, ilileta mvumo. Mkubwa mno! Walisema, acha, iko inasikika, inatosha. Mimi nikashindwa. Siku ya pili nikaifungua mashine palepale juu ya gari, nikarekebisha. Sauti ikawa safi, Mama Hawa. Mpaka ng'ambo ya bonde walikuwa wanasikia."

"Hakuna aliyekuambia uirekebishe."

"Hakuna."

"Ulisikia ilichokuwa inasema?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Alifikiri. Niliona anafikiri, anatafuta jibu ambalo si uongo.

"Nilisikia mvumo," alisema.

"Mwalimu wa kwaya aliuawa. Na mkewe."

"Nilisikia." Aliinamisha kichwa, na kwa muda mfupi nilidhani atasema neno la binadamu. Kisha akashika suruali yake. "Utapunguza lini?"

Nilikunja futi. "Sitakushonea. Tafuta mwingine."

Hakuuliza sababu. Alisimama kidogo, akatikisa kichwa kama mteja aliyeambiwa uzi wa rangi yake umekwisha, akaondoka huku ameshika kiuno.

Yule mama wa Bujumbura alikuwa amesikia. Alimfuata kwa macho mpaka alipopinda.

"Ni nani, yule?"

"Fundi wa redio. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja cha kazi. Aliwatengenezea vipaza sauti."

"Yesu Maria." Alijigusa kifua. "Umefanya vyema, dada. Mtu kama huyo usimshonee hata kifungo." Akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mkono wa joto, mzito, wa mtu aliyeamua kunipenda. "Na wewe, pole. Uliishije kati yao?"

Kitambaa chake kilikuwa mezani, cheupe, nimeshakipiga chaki. Ningeweza kusema Mungu alisaidia. Kila mtu alikuwa akisema hivyo, na hakuna aliyeulizwa zaidi.

"Nilikuwa nawashonea kofia," nilisema.

Mkono ulibaki begani kwangu kidogo, kana kwamba haujasikia. Kisha akauondoa. Aliinuka, akachukua kitambaa, akapangusa chaki kwa upande wa kiganja, polepole, mstari kwa mstari, mpaka ikatoka yote. Alikikunja, akakitia kwenye mfuko wake, akatoka bila kuniaga. Nilimsikiliza akishuka ngazi. Sikumwita.